Karatasi Zenye Macho za Kwaya ya Ijumbi

Tata,

Chumba chako cha karatasi hakipangishwi tena. Mama alitamka hivyo jana jioni, hapa nyumbani Kitendaguro, akiwa anamenya ndizi, na hakuinua kichwa. Projestus alikuwepo. Hakupinga.

Tangu tukuzike kibanjani, kati ya migomba, mwanao huyo, kaka yangu, alitaka chumba akipangishe kwa muuza vipuri vya pikipiki. Hoja yake haikuwa mbaya: karatasi za mawimbi ya rangi ulizijua wewe, mimi nilikuwa msaidizi tu. Mama akatoa sharti. Mwalimu Jeneroza wa Ijumbi alikuwa amekuagiza karatasi za kufunika vitabu vya kwaya. Akizipokea kutoka kwangu, chumba kinabaki. Akizirudisha, Projestus anachukua ufunguo.

Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya. Nilichemsha mlenda, nikauchuja, nikayaacha maji yake mazito yatulie kwenye trei ya bati. Karatasi nilizipaka maji ya shabu ili zishike rangi. Nyongo ya ng'ombe, ya kuifanya rangi itawanyike juu ya maji, niliifuata Kemondo kwa yule muuza nyama wako. Bado anaamini tunaroga. Aliifunga kwenye mifuko miwili, akanitakia ushindi juu ya adui zangu.

Karatasi za mwanzo zilitoka safi. Nilidondosha bluu, nikadondosha nyekundu, nikapitisha chanuo, nikalaza karatasi, nikainua: mawimbi. Nilicheka peke yangu. Kisha nikataka kukuita uje uone. Basi.

Projestus akaja kusaidia. Senene walikuwa wameanguka na mji mzima ulikuwa unakaanga panzi hao. Wewe ulikuwa ukimsimamisha mgeni mlangoni, hata awe padri: "Nawa kwanza, salamu baadaye." Yeye aliingia na kiganja kimejaa senene, akatafuna, akajifuta kwenye suruali, akachovya kidole kwenye trei kupima uzito wa maji. Rangi zikayakimbia mafuta. Kila karatasi tuliyolaza baada ya hapo ilitoka na matundu meupe ya duara, kama macho, mengine makubwa kama vifungo vya koti. Karatasi tupu zikaisha, na Mwalimu alikuwa akiutaka mzigo wake kesho yake.

Tulisafiri hadi Ijumbi bila maneno mengi. Projestus alijua kwamba kitakachompa ufunguo ni kidole chake mwenyewe, na hilo halikumfurahisha.

Mwalimu Jeneroza alizitandaza juu ya mabenchi ya kanisa, safi upande mmoja, zenye macho upande wa pili. Akauliza macho haya ni nini. Nilieleza kama ilivyotokea. Akanitazama mimi, akamtazama Projestus, akawaita wanakwaya. Sauti ya pili wakazidaka zenye macho. Sauti ya kwanza nao walipozidai, mama mmoja wa sauti ya pili akawaambia kwamba wanaoimbia puani wanatoshwa na mawimbi. Wakavutana hivyo mpaka Mwalimu akakata shauri.

"Hizi za senene ndizo zetu," alisema. "Nani mwingine anazo? Tutengenezeeni nyingine, zitutoshe wote."

Projestus alirudi nyumbani akijiita fundi njia nzima. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, ndipo akatoa uamuzi niliokuandikia hapo juu. Muuza vipuri atapewa banda la zamani la mbuzi, likishasakafiwa.

Limebaki tatizo moja: hatujui kiasi cha mafuta. Tone likizidi, rangi zote zinakimbilia ukingoni na karatasi inatoka nyeupe. Tutajaribu Jumamosi baada ya misa ya kwanza. Projestus atakaanga, mimi nitashika chanuo. Amesema safari hii atatumia kijiti, si kidole.

Pumzika, Tata. Ile ya kwanza itakayotoka sawasawa haitakwenda Ijumbi. Jumapili nikija kupalilia kaburi nitakuja nayo, na nakuahidi kukueleza ilivyo, rangi moja baada ya nyingine, bila kuongeza chumvi.

Mwanao,
Adventina