Mwandiko wa Pili Kwenye Daftari la Taa

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa bandari kaniita. Mnara wa taa wa pale langoni utabomolewa. Anataka historia yake, kurasa mbili, kabla ya kikao cha Ijumaa. Ya kuagia tu, akasema. Mimi karani wa masjala — mwanahistoria tangu lini?

Jumanne, 5 Machi
Stoo. Vumbi, chafya, kabati limevimba kwa unyevu. Nimepata madaftari ya mtunza taa: saa ya kuwasha, saa ya kuzima, hali ya bahari, meli zilizoingia. Mwandiko mkubwa, wa kulalia. Halafu mwaka wa tisa, ghafla — mdogo, wima, safi. Sahihi ileile ya mtunza taa. Miaka kumi na moja hivyo hivyo! Nani huyu?

Jumatano, 6 Machi
Nimempelekea daftari Mzee Nanga, rubani mstaafu aliyeingiza meli enzi hizo. Kacheka mpaka kakohoa. Mtunza taa alipofuka macho, mkewe alishika kazi kimya kimya. Wakubwa wangejua, familia ingetolewa kwenye nyumba. "Sisi marubani tulijua. Tukafunga midomo." Binti yao yupo — fundi cherehani, nyuma ya posta!

Alhamisi, 7 Machi
Nimeenda. Mama wa miaka sabini na ushei, pini mdomoni. Nikampa daftari. Kwanza akaligusa tu. Kisha: "Mwanangu, huu mkono wa mama." Akasoma siku ya dhoruba kubwa — meli tatu, zote salama. Akalia, akacheka, akanifokea: mlikuwa wapi miaka yote? Nikamwalika kikaoni. Eti avae nini. Fundi wa nguo ananiuliza mimi!

Ijumaa, 8 Machi
Naandika nimekaa kwenye ngazi za mnara, pumzi zimeniisha. Kikaoni nilisoma kurasa saba badala ya mbili. Hakuna aliyetazama simu. Mkuu akamwamkia yule mama mshonaji, akamwuliza kama alimsaidia mzazi wake.
"Kila jioni, na kopo la mafuta. Ngazi tisini na mbili. Wewe umezipanda mara ngapi?"
Mkuu ana miaka sita kazini — hajawahi hata mara moja!
Akaitia hati ya kubomoa mfukoni. Hakuisaini. Hakuichana pia. Akasema twende.
Sasa wako juu yangu, mama mbele, mkuu nyuma anahema. Mlango wa chumba cha taa umeshika kutu, hausogei. Mkuu anamwita fundi wa bandari aliyebaki chini, sauti inazunguka mnara mzima: lete grisi!
Grisi. Hakusema nyundo —