Kifungo cha Gari Lisilo Langu

Ifakara

Dada yangu Skolastika,

Shikamoo dada. Ni mimi mdogo wako Filbert. Kifua cha mama kinaendeleaje na baridi ya huko Kasulu? Shemeji na watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio nakuandikia habari zake.

Najua umenikasirikia. Baba alipofariki ulinipigia simu hukunipata, ukamwagiza mtu aniambie kwamba nimeshakuwa mtoto wa watu wengine. Neno hilo lilinifikia. Sikulaumu, kwa sababu hukujua. Siku mliyomzika baba, mimi nilikuwa gerezani.

Sikuiba dada, wala sikuua mtu. Unakumbuka niliacha kukata miwa nikaajiriwa kuendesha kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Tajiri wangu ana mashine ya kukoboa mpunga hapa mjini, na kazi yangu ilikuwa kuchukua magunia ya wakulima kule Mchombe na kuyaleta mashineni. Bima ya gari ikaisha. Nikamwambia. Akasema atalipia. Nikamkumbusha tena, akacheka mbele ya watu.

"Filbert, gari linatembea kwa mafuta, halitembei kwa bima. Kama unaogopa, weka ufunguo hapo mezani. Madereva wamejaa stendi."

Sikuuweka. Kodi ya chumba ilikuwa inanisubiri, na wewe unajua nilivyohangaika kuipata ile leseni.

Basi, siku moja mvua ilikuwa imenyesha, barabara utelezi mtupu. Mama mmoja akatokea kwenye njia ya mashambani na baiskeli yake, tenga la nyanya nyuma. Nikakanyaga breki, gari likateleza ubavuubavu likamsukuma mpaka mtaroni. Anaitwa Mama Yustina. Paja lilivunjika. Nilimbeba mwenyewe, nikamlaza juu ya magunia, nikamkimbiza hospitali huku analia, "Mwanangu polepole, polepole mwanangu."

Trafiki walikuja hapohapo hospitali. Mmoja akaingiza namba ya gari kwenye simu yake, akanitazama.

"Kijana, gari hili halina bima. Mwenyewe anajua?"

"Anajua, afande."

Tajiri akaitwa kituoni. Alifika amechomekea shati, akasalimiana na kila mtu isipokuwa mimi. Akasema, "Nilimkataza asiliguse gari mpaka nilipie bima. Kalitoa kwa tamaa yake, abebe mizigo yake ya pembeni."

Nilidhani wenye mpunga watasema ukweli. Wakasema wao walipatana na mimi. Wana watoto, dada, na msimu ukifika watahitaji mashine yake.

Mahakamani, kwa ile ajali yenyewe sikutiwa hatiani, kwa kuwa ilionekana Mama Yustina aliingia barabarani ghafla. Lililobaki ni moja tu, kuendesha gari lisilo na bima. Hakimu, mama mmoja mpole wa sauti, akaniuliza, "Ulijua kwamba gari halina bima?"

"Nilijua, mheshimiwa. Na mwenye gari alijua, ndiye aliyenituma."

"Una shahidi?"

Nikageuka nyuma. Mlinzi wa mashineni alikuwa amekaa pale, naye alikuwepo siku tajiri aliposema yale maneno ya mafuta. Akainamisha kichwa.

Nikahukumiwa faini au jela miezi sita, na nisiendeshe gari mwaka mzima. Hakimu alisema sheria inamkamata pia mwenye gari anayeruhusu litumike bila bima, ila lazima ithibitike kwamba aliruhusu. Haikuthibitika. Faini sikuwa nayo. Mle ndani mfungwa mmoja anayezijua kesi aliniambia sheria huwa inamwonea huruma dereva wa kuajiriwa ambaye hakujua. Nimeliwaza sana neno hilo. Mimi nilisema kweli nikafungwa, yeye alisema uongo akaenda kula chakula cha mchana nyumbani kwake.

Habari za baba aliniletea yule Mha mwenzetu niliyekuwa nakata naye miwa. Alinitafuta mashineni, wakamwambia niliko. Akaniambia mmeshazika. Sikupata hata nafasi ya kulia, muda wa kuonana ulikwisha, nikarudi kumwagilia mchicha wa gereza. Baba aliyewaambia watu wote kanisani kwamba mwanawe ni dereva!

Nilipotoka nilikwenda kwa Mama Yustina. Anatembea kwa gongo, mguu mmoja umekuwa mfupi. Kwa kuwa bima haikuwepo, hakuna aliyemlipa fidia, na tajiri alisema hahusiki. Wamekodisha shamba lao la mpunga ili walipie vyuma vya mguu. Nikampigia magoti. Akasema, "Inuka. Wewe ulifungwa, ukatoka. Mimi natoka lini?"

Na kirikuu kipo barabarani, dada. Wiki ileile niliyofungwa tajiri alikilipia bima, akaajiri dereva mwingine. Kumbe iliwezekana. Mimi sasa ni kuli kwenye mashine nyingine, nabeba magunia. Tukikutana njiani, tajiri hunipungia mkono.

Msalimie mama, lakini habari za gerezani umsomee taratibu, akiwa amekaa. Msalimie shemeji, na baba mdogo katekista. Mwambie misa ya baba isisomwe mpaka nifike, nauli naitafuta.

Na ukipita kaburini, dada, usingoje mimi nije. Mwambie baba wewe, kwa sauti, hata watu wakikushangaa, kwamba Filbert hakukataa kuja. Alifungiwa mlango.

Ni mimi mdogo wako,
Filbert