Tak ya Ukutani

Nyumbani kwenu,
Chumba cha kando ya banda la gari,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mke mwenzangu,

Salamu kwanza, mengine yatafuata. Hujambo, mjukuu wangu? Watoto hawajambo? Mumeo yule mrefu bado anagonga kichwa milangoni? Mimi sijambo. Magoti yanalalamika, lakini nayo ni wazee, yana haki yao. Meno yaliyobaki yanatosha kutafuna na kusema ukweli.

Anayenishikia kalamu ni jirani yetu mshonaji. Nimemwonya aandike ninavyosema, asiniwekee marinda.

Kifurushi chako kimefika salama. Nimeiona hiyo mashine mpya ya saa, ndogo kama kiberiti, na kibetri chake kama kifungo cha shati. Ahsante sana. Najua uliitafuta ukiwa umechoka na kazi. Uliniambia kwenye simu fundi atoe mashine ya zamani kwenye saa ya gari la babu yako, aitupe, aweke hii, sura ya saa ibaki ileile. Gari ni lako. Babu yako alikuachia kwa kinywa chake, maana mimi alisema nitaligonga. Kwa hiyo lililotendeka una haki ya kulijua, na ulijue kutoka kwangu. Kaa chini.

Nilimwita yule fundi saa wa kibanda cha karibu na benki, tunayemwita Jichomoja kwa ajili ya kile kioo anachokibana jichoni. Aliing'oa saa kwenye dashibodi kama jino, akaifungua juu ya boneti, akanieleza ugonjwa wake polepole kama daktari.

Kumbe ndani mna springi. Springi ikilegea, vyuma viwili vidogo vinagusana, umeme unaipiga teke, inakaza tena. Teke hilo ndilo ile tak uliyokuwa ukiicheka ulipokuwa mdogo, umekaa kiti cha mbele na mume wetu, mimi mke mkubwa nimetupwa nyuma na vikapu. Betri ya gari ikichoka, teke linakosa nguvu, vile vyuma vinabaki vimeshikana mpaka vinaungua. Babu yako alikuwa akiliwasha gari kila asubuhi, hata macho yalipomkataza kuliendesha. Alipokufa, hakuna aliyeliwasha. Saa ikaenda peke yake kwa umeme uliobaki, kisha ikanyamaza.

Sasa nikuambie nisilomwambia mtu, hata mama yako. Banda la gari na chumba chetu vina ukuta mmoja, na kichwa cha kitanda kiko upande huo. Tangu gari lije hapa nimelala na tak hiyo. Niligombana nayo kuliko nilivyogombana na mawifi. Nilimwambia babu yako, "Mwanamume, mtoe huyo mdudu au nahama." Akanijibu, "Hama. Utarudi mwenyewe." Nikahamia chumba cha mama yako, nikagaagaa kama samaki kwenye kikaango, na kabla hakujapambazuka nikarudi. Nikamkuta kaiacha wazi nafasi yangu, hajafumba jicho. Alikuwa na ubaya wake, lakini hakuwa mtu wa kusimanga.

Alipoondoka mlinijaa hapa, mkalia nami, mkarudi makwenu. Siwalaumu. Kila mtu ana mzigo wake. Nilivumilia, maana ukutani kulikuwa bado na mtu. Saa iliponyamaza ndipo nilipokuwa mjane. Nyumba imekuwa kimya mpaka naisikia friji ikimeza mate. Napika chakula cha mtu mmoja na bado kinabaki. Nazungumza na sufuria, na sufuria hazina adabu, hazijibu.

Basi Jichomoja alipoiona mashine yako alifurahi. "Bibi, hii haina mlio hata kidogo. Utasahau kama ipo."

"Hapo ndipo penye ubaya," nikamwambia.

"Wateja wangu wote wanataka saa zinyamaze."

"Wateja wako wana watu nyumbani."

Akakitoa kioo jichoni, akanitazama kwa macho mawili. Akasema ile ya zamani imeungua vibaya, huenda isifufuke, nisije nikamlilia.

"Mimi nimekwisha kulia. Ichukue."

Nilikwenda kibandani kwake mara nyingi mpaka akaniwekea kigoda changu. Alivisugua vile vyuma kwa kitupa chembamba, akazungusha upya waya mwembamba kama unywele wa mtoto mchanga, akatia mafuta kwa ncha ya sindano. Mara ya kwanza ilipiga tak mbili ikafa. Nilirudi nyumbani nikafua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Alhamisi akaja nayo, na betri ya gari imechajiwa ikajaa. Akairudisha kwenye dashibodi, akaniambia niende chumbani nisikilize. Yeye kakaa ndani ya gari, mimi kitandani, ukuta katikati yetu.

"Bibi, umesikia?"

"Nasikia domo lako. Nyamaza."

Tukangoja. Nikaweka kiganja ukutani kama mtu anayempima mtoto homa. Nikafikiri, basi, imekataa, na yeye kule anatafuta maneno ya kuniambia. Kisha, tak.

"Bibi? Bibi, vipi?"

Akaja mbio akidhani nimeanguka. Akanikuta nimekaa upande wangu wa kitanda, nimeiacha wazi nafasi ya mwenyewe.

Kwa hiyo saa yako inatembea, lakini kwa mashine ya zamani. Na inachelewa, sikufichi. Kama ni kujua saa ngapi, jua lipo na redio ya mshonaji ipo. Sharti lake ni betri isichoke, basi kila Jumamosi nitakaa kwenye usukani na kuliwasha gari. Usiogope, gia siigusi. Jana nilipoanza, mshonaji alisikia muungurumo, akatoka na mfuko, kavaa viatu vya safari, anataka lifti. Alikuwa hataki kuliandika hili. Ameliandika.

Mashine uliyoituma sikuitupa, wala sikumpa mtu. Iko kwenye droo ya kitanda, ndani ya karatasi yake, pamoja na miwani ya babu yako. Siku mtakayokuja kunizika, mwite Jichomoja aiweke. Atakuwa anazijua skrubu zote. Siku hiyo kimya hakitamdhuru mtu. Kama umeudhika, udhika, lakini ukimaliza njoo uniambie hapa, uso kwa uso. Kwenye simu nasikia tu kwamba una haraka.

Msalimie mumeo, umwambie milango ya hapa haijarefuka, ajifunze kuinama. Wakumbatie watoto mpaka walalamike, useme ndiyo mikono yangu hiyo. Mama yako mpigie simu, umsomee barua hii yote, hata pale niliposema sikumwambia. Mshonaji naye anakusalimu, anasema vipimo vyako anavyo, usinenepe.

Mungu akufunike uendako na urudiko, na asikunyime mtu wa kusikia ukikohoa.

Ukija utalala na mimi, upande wa mume wetu. Ukisikia anagonga ukutani, usiamke kumfungulia. Amekwisha ingia.

Ni mimi nikupendaye bila kukupaka mafuta,
Mke mkubwa.