Nafasi Kati ya Mama na Naliaka

Eldoret, Jumapili

Kwa Mama mpendwa,

Nakusalimu nikitumaini goti limepoa na ng'ombe amekubali kukamuliwa na mtu mwingine. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu. Mwanangu Naliaka anakula vizuri?

Uliniuliza kwa simu kazi yangu ni gani hasa, nikacheka nikabadilisha mazungumzo. Leo nakujibu. Ofisi yetu inatengeneza programu ya kompyuta ya maghala ya mahindi, nami naijaribu kabla wakulima hawajaitumia. Natumia skripti, yaani orodha ya maagizo ambayo kompyuta inafuata mstari kwa mstari: ingia folda ya kila ghala, yaani mfuko wa kumbukumbu wenye jina la ghala hilo, jaribu hiki na kile, sema ukiona kosa. Iliandikwa na Kiprono, msimamizi wangu, yule wa kuamua kama nitaandikwa kazi au nitarudi nyumbani. Na unakumbuka tulivyoelewana: nikiandikwa, Naliaka anakuja kukaa nami.

Jumatatu ulinisimulia jirani alivyouliza, "Mama Naliaka ako wapi siku hizi?" na mtoto akamjibu, "Mama ako jikoni. Naliaka ni mimi." Mlicheka, nami nikacheka. Baada ya kukata simu nililia, sitakuficha. Miaka miwili mbali naye ni mingi. Wewe ndiwe umekuwa Mama, na jina langu mmegawana.

Kesho yake kazini bado nilikuwa nikilifikiria hilo. Skripti ikasema kila kitu kiko sawa, kama kawaida. Nikajiuliza, je, ghala la Moi's Bridge, lenye nafasi katikati ya jina? Nikachimba. Kumbe kompyuta inaligawa jina mara mbili kama Naliaka: ilitafuta folda inayoitwa Moi's, ikakosa, ikatafuta nyingine inayoitwa Bridge, ikakosa, kisha ikaendelea bila kulalamika kwa sababu hakuna aliyeiambia ilalamike. Ghala hilo halikuwa limejaribiwa hata siku moja.

Dawa yake ni ndogo ajabu. Unalifunga jina kwa alama za kunukuu, mbele na nyuma, na kompyuta inajua ni kitu kimoja. Nilijaribu hata jina lenye nafasi tatu, nione kama litapasuka. Halikupasuka. Skripti ilipoingia ghala hilo, ndipo kosa la kweli likajitokeza: programu ilikuwa inaandika mahindi makavu ya Moi's Bridge kuwa mabichi. Wakulima wangerudishwa na magunia yao.

Nilimpelekea Kiprono matokeo nikiogopa, maana skripti ni yake. Alisoma, akajikuna kichwa.

"Kwa hivyo hii kitu imekuwa ikituambia iko sawa na haijawahi ingia huko?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulijuaje?"

"Mtoto wangu ndiye alinionyesha."

Hakuelewa. "Basi wewe huendi mahali," akasema. "Andika ripoti, na useme ni mimi nilikosea."

Barua ya kazi ninayo, Mama. Nitakuja mwisho wa mwezi kumchukua Naliaka. Najua nyumba yako itabaki kimya, na hilo linaniuma.

Msalimie Baba, na shangazi anayekusaidia kukamua. Yule jirani wa maswali mwambie namshukuru.

Ukimaliza kusoma, mwite Naliaka. Mshike kidole, ukipitishe kwenye jina langu hapa chini, kutoka alama ya kwanza hadi ya mwisho. Mwambie huyo ni mtu mmoja, na anakuja.

Binti yako,
"Mama Naliaka"