Wasifu Niliokuandikia, Wafula

Wafula wa mama,

Ni mimi Nekesa, kitinda mimba wenu. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana, kwa sababu kila nikianza nataka kukugombeza kwanza. Leo wacha nianze na habari. Nasimiyu ameachiliwa. Mahakama ya Kitale imesema mkeo hana hatia ya kukuua, alikuwa anajitetea.

Najua ungeuliza shahidi wake alikuwa nani. Ni mimi, ndugu yangu. Nilisimama mbele ya jaji nikakusema.

Si unakumbuka siku yenyewe? Nilikuwa kwako Kiminini, tunapukuchua mahindi na Nasimiyu, ukaingia mchana umelewa chakari, panga mkononi, ati chakula kiko wapi. Ulimkata mkono. Ulipoinua panga mara ya pili alishika mpini wa jembe akakupiga kichwani, mara moja tu. Mimi nilipiga nduru, sikusaidia mtu.

Halafu nikafanya upumbavu wa watu wetu. Marehemu hasemwi vibaya, si ndivyo? Polisi nikawaambia sikuona vizuri. Wazee wakanituma niandike wasifu wako wa mazishi, nikaketi kwa mama huko Chwele nikaandika kwamba ulikuwa mpole, hukuwahi kumwinulia mtu mkono. Tukauchapisha na ile picha yako ya tai ya kuazima. Watu walilia, hata mimi nililia. Nasimiyu alikuwa rumande, hakukuzika.

Kumbe karatasi ile ingefika kortini! Nilipomaliza kueleza niliyoyaona, kiongozi wa mashtaka aliisoma yote, polepole, kisha akaniuliza nilidanganya lini, kaburini ama hapa kwa kiapo. Mama alikuwa benchi la mbele, ananiangalia. Nikasema nilidanganya kaburini, kwa sababu nilikupenda. Wakili wa Nasimiyu akamwomba aonyeshe kovu lake. Jaji akasema mtu aliye chini ya panga hana nafasi ya kupima pigo lake.

Mama alininunia wiki nyingi. Sasa tunaongea, kidogo.

Na usidhani nimesahau yale mengine, bana. Ulinibeba mgongoni tukivuka Kuywa mto umefurika, ukaniambia nifunge macho. Ukimenya muwa ulinipa ile sehemu tamu ya chini, wewe unabaki na ncha. Ukitoka kunywa unayumba, unasema, "Sijalewa, ni barabara imelewa." Tulicheka sana, Wafula. Tulicheka hata siku ambazo ilifaa tukunyang'anye hiyo chupa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Watoto wako wanakua, yule mdogo ana kicheko chako. Wakiniuliza baba yao alikuwa mtu wa aina gani, nakuahidi nitawaambia yote, mazuri na mabaya, bila kuchapisha uongo mwingine. Nawe usininunie kama mama.

Jana Nasimiyu alinipigia simu. Aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama yeye anaruhusiwa kukulilia. Nikamwambia ajitayarishe.

Kesho tunakuja kaburini, mimi na yeye. Ni mara yake ya kwanza. Nitamshika mkono alie mpaka achoke, na mtu wa boma hili akithubutu kumfukuza atanijua. Mpokee vizuri, kaka. Bado anakuita "mume wangu".

Dada yako anayekupenda,
Nekesa