Udongo wa Baba Haukukufikia, Dada Skola

Mshangano, Songea
Jumapili, baada ya misa ya kwanza

Dada Skola,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini kwetu mdogo haanzi maneno na mkubwa wake kabla ya shikamoo, na wewe ulikuwa mwepesi wa kununa. Ni mimi Osmund, mdogo wako, fundi viatu wa Lizaboni, yule uliyemfundisha kuandika jina lake kwa kijiti hapa uani, mbele ya jiko. Nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ya Mama. Yeye amejinyoosha kidogo ndani. Jana tumeanua matanga yako, na ilibaki kidogo tu yaanuliwe kwa uongo wangu. Ndiyo maana nakuandikia.

Habari yako ilitufikia Jumanne jioni. Sista Mkuu wa shirika lenu alipiga simu, akasema umefariki Jumatano kabla hakujapambazuka, ghafla, presha. Mama akamkatalia. "Leo Jumanne," akasema. "Jumatano bado. Basi mwanangu yupo." Tulimweleza jamani, tukachoka, kwamba kule kisiwani kwako saa ziko mbele, kwamba hata ulipokuwa unatupigia Jumapili sisi ndiyo kwanza tunakunywa chai, kwenu jua lilikuwa limeshazama. Hakutaka kusikia. Alikaa na simu mkononi hadi kesho yake, akiingoja Jumatano ifike apate kusema tulikosea. Ikafika. Hakulia, Dada. Mama yetu, anayelia hata kuku wake akigongwa na bodaboda, hakutoa chozi.

Walikuzika hukohuko. Tungefanyaje? Mwili kutoka upande ule wa dunia mpaka Songea, nani angeuleta? Mama alikubali, ila akaweka neno lake. Unajua kwetu, jeneza likishashuka, kila mtu wa familia anatupa konzi ya udongo, na mama mzazi ndiye wa kwanza. Akasema, "Mimi sijatupa wangu. Msiba wangu haujaisha." Misa ya arobaini ikapita. Majirani wakakunja mikeka wakarudi kwao, yeye akabaki kwenye wake, na kile kitambaa cheusi kichwani. Shangazi wa Mjimwema alikuja kumbembeleza, akafukuzwa kama mwizi.

Shirika lenu likasema litamkatia tiketi ndugu mmoja aje aone kaburi. Miguu ya Mama unaijua. Basi nikawa mimi, mtu ambaye sikuwahi kupita Njombe. Siku ya kuondoka Mama alikwenda mwenyewe mpaka kwenye kaburi la Baba, hapo nyuma ya migomba, akachota konzi moja, akaifunga kwenye pindo alilokata kwenye khanga yake. Akaniambia, "Utupe kwa mkono wa kulia. Umwambie ni mimi."

Dada, nilibadilisha ndege mpaka nikasahau nilikotoka. Pindo lile nililivaa shingoni ndani ya shati kama rozari. Kwenye uwanja wa mwisho kabla ya kisiwa chako wakatupanga mstari, wakaanza kukagua. Hata viatu vyangu, nilivyovishona mwenyewe, walivivua wakavisugua nyayo kwa dawa. Kisha mama mmoja mwenye sare akaliona lile fundo. Akauliza ni nini. Kwa Kiingereza changu cha darasa la saba nikamjibu kwamba huyo ni baba yangu. Maskini, akarudi nyuma hatua mbili! Alipolifungua akakuta udongo, akatikisa kichwa. Sheria yao, udongo wa nje hauingii, unaleta wadudu na magonjwa ya mimea, na visiwa vyao ni vidogo, vikiugua vimekwisha. Nilimpigia magoti. Nililia mbele za watu, mimi na ndevu zangu. Naye macho yakamjaa, akaniita ndugu yangu, akaupeleka kwenye tanuri kuuchoma. Akanirudishia nusu ya pindo, imefuliwa; nusu iliyoshika udongo iliungua nao.

Nikafika kwako mikono mitupu.

Sasa nikusimulie kisiwa chako kama sijui kwamba unakijua. Nilikuwa nadhani unatutania. Ulisema hakina hata kichuguu, nikaona unazidisha chumvi. Yesu na Maria! Nilisimama katikati ya barabara, ile moja yenu, nikasikia bahari kulia na kushoto. Siku ya kwanza niligeuka huku na huku natafuta mlima, kama tunavyotazama Matogoro kujua kama mvua inakuja, nikakosa pa kutua macho. Ni nazi, mishelisheli, matangi ya maji ya mvua, nguruwe wanaotembea kama wana shughuli. Na ukimya. Watu wanacheka kwa sauti ya chini. Gari likipita wote wanainua mkono. Mgeni haji, waliniambia mimi ni wa kwanza tangu mtengeneza redio. Nikajiuliza ulikaaje hapa miaka yote, wewe mpiga domo wa kwanza Mshangano nzima.

Kaburi lako liko nyuma ya shule ya chekechea. Wenzako wamezungushia mawe meupe ya baharini. Nikasimama pale. Nilitaka kusema maneno ya Mama, "ni mimi," nikashindwa, kwa sababu sikuwa na kitu cha kutupa, na mkono wa kulia ulikuwa unaning'inia tu.

Jioni ileile Mama akapiga. "Umetupa?" Nikamwambia, "Nimetupa, Mama." "Mkono gani?" "Wa kulia." Akashusha pumzi ndefu, akasema, "Asante baba. Sasa nitalala." Nikazima simu nikajiona mtu mbaya kuliko wote waliowahi kuikanyaga nchi ile ya watu wema.

Kesho yake yule bibi jirani yako, yule mnene anayekuita Sikola, akanishika mkono kama mtoto akanipeleka nyuma ya nyumba yenu. Mchanga wao nilishauona, mweupe mtupu, vipande vya matumbawe, hata mchicha ungekataa. Nikageuka kona ya tangi la maji, nikakuta shamba la ngolo.

Dada Skola. Ngolo! Zile za kwa kina Mama, Umatengo, za mlimani kule Mbinga. Nyasi zimelazwa kwa mistari inayokatana, udongo umefukuliwa katikati ukafunikia nyasi, yamebaki mashimo ya kuzuia maji ya mteremko, yamepangana kama sega la nyuki. Umezifanya kwenye tambarare, ambako maji hayana hata pa kuteremkia! Nilicheka mpaka bibi yule akaniogopa. Halafu nikaingiza mkono. Udongo mweusi, laini. Sista mmoja akanifafanulia kwamba miaka yote hiyo ulikuwa unaokota majani ya mshelisheli, magamba ya samaki, majivu, unalaza na kufukia, unalaza na kufukia. Na kwamba siku ya kukuzika, kina mama wa pale walikuja kila mmoja na konzi ya udongo huo, kwa sababu uliwahi kuwaambia kwenu mtu hutupiwa udongo. Bibi yule alitangulia. Alisema alitupa kwa niaba ya mama yako.

Kwenye ukuta wa banda liliegemea jembe. Nikalijua kabla sijaambiwa. Ni lile Mama alilokupa siku ya kuondoka, ukasema sista gani huyo anasafiri na jembe, na bado ukalifunga kwenye sanduku. Matumbawe yamelila, Dada. Limebaki kiganja. Walinipa nilirudishe. Walilisugua vizuri, na uwanja wa ndege hakuna aliyelikataa.

Nimefika nyumbani, Mama akanipokea amekaa wima, kitambaa amekifua, shangazi wa Mjimwema amesamehewa. Akatangaza Jumamosi tunaanua. Akanitaka tena na tena nimhadithie nilivyoutupa, udongo ulianguka upande gani, ulitoa sauti gani. Nami nikawa natunga! Nikaunogesha uongo kwa upepo na kengele ya kanisa. Jembe nikalificha kibandani kwangu Lizaboni, chini ya soli kuukuu, kwa maana nilijua nikimpa ataniuliza lililima wapi, na nikianza kusema sitaweza kuishia nusu. Nikajiambia mwache mama wa watu apumzike, ukweli utamsaidia nini. Lakini kila nikishona kiatu naona mkono wangu wa kulia, nasikia kinyaa. Niliona Jumamosi Mama atakuaga kwa konzi ambayo haikuwahi kuanguka, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemwibia.

Alhamisi asubuhi nikafunga kibanda. Nikamkuta anapukuchua maharage uani. Sikumsalimu vizuri hata. Nikaweka jembe miguuni pake nikasema yote, tangu fundo mpaka tanuri, nimeinama kama mtoto anayengoja fimbo. Maharage yakamwagika, hakuyaokota. Nikasema sasa nimemuua.

Akalichukua jembe. Akapitisha kidole kwenye makali, taratibu, kama anavyopima homa ya mtoto. "Hili langu," akasema. Halafu, "Alilimia nini mpaka likawa hivi?" Nikamwambia ngolo. Akanitazama. "Kule kuna mlima?" Nikasema hapana Mama, tambarare kama sinia.

"Ngolo kwenye tambarare!" akasema. "Huyu mtoto! Nilimfundisha mwenyewe, hakusikia!" Akaanza kucheka. Alicheka akijipiga paja, akarudia tena tambarare, tambarare, mpaka kicheko kikamgeuka mdomoni kikawa kilio. Dada, alilia. Alilia kilio chote cha tangu ile Jumanne. Majirani walitoka mbio, wakakaa naye chini, na mimi nikalia pamoja nao, sikuona haya.

Alipotulia aliniambia jambo moja tu, bila hasira: "Usiniongopee tena kuhusu watoto wangu." Nikasema sitarudia.

Baadaye niliona amechukua msumari. Lile jembe, wamelisugua pande zote, lakini ndani ya tundu, pale mpini unapoingia, hakuna brashi inayofika. Mama alijua. Mkulima anajua udongo unapojificha. Akagonga, akachokoa, kikadondoka kibonge kidogo kwenye kiganja chake, si zaidi ya punje tatu za mahindi. Cheusi, na vichembe vyeupe vya baharini. Akakifunga kwenye ile nusu ya pindo.

Jana baada ya misa tulikwenda wote nyuma ya migomba. Shangazi, majirani, wanakwaya wachache. Mama alikataa kushikwa mkono. Alisimama juu ya kaburi la Baba, pale alipoacha kijishimo siku ile alipochota, akafungua pindo, akatupa kwa mkono wa kulia. Kikaingia mlemle. "Ni mimi, Skola," akasema. "Ingia ndani." Kisha akafungua kitambaa kichwani, akanipa nikishike.

Nakukumbuka sana, Dada. Jumapili ikifika simu iko kimya, na Mama bado anaiweka karibu na kikombe cha chai, wala simwambii kitu. Mimi nazeeka na sina wa kunisema tena kwamba naandika herufi zimelala. Ona, hata hizi zimelala.

Nakuaga sasa maana nasikia Mama anakohoa, ameamka. Nimelitia jembe mpini mpya, wa mti wa mwiloti. Mvua zikianza nitalima ngolo hapa uani, kwenye tambarare, wacha watu wanicheke, na Mama ameshasema atakuja na kiti chake anielekeze nyasi zinavyolazwa. Sitamwongopea tena. Hilo nimekuahidi wewe pia.

Lala, Dada yangu. Mama ameshatupa udongo wake.

Mdogo wako,
Osmund