Milia ya manjano

Jumanne, baada ya mvua

Limebaki na majani ya kijani tu. Ua langu la kitani, lile la majani marefu kama upanga, nililolipakata ndegeni toka Bukavu. Yote yenye milia ya manjano Mama mukwe ameyakata leo kwa kisu cha kukatia pondu, majani ya mihogo.

Alivuka mto na pirogi asubuhi kutoka Lubunga kutusalimia. Niliporudi toka kazini nilimkuta ananawa mikono.

"Maua yako ilikuwa na ugonjwa ya mihogo, mwanangu. Nimetoa yote ya manjano. Sasa iko muzuri."

Shambani kwake ndivyo wanavyofanya, jani la manjano halingojwi. Ningemwambia nini? Kwamba milia ndiyo uzuri wake? Kwamba linapenda baridi ya kwetu Bukavu, na kila mchana nilisukuma chungu kivulini? Kwamba ya kukata yalikuwa yale ya kijani, maana ndiyo humeza yenye milia...

Bon. Nimechoka. Nilisema, "Aksanti, Mama."

Alifurahi kweli. Akauliza kama niko na ingine yenye kugonjwa.

Anabaki kwetu mpaka Jumapili. Kichipukizi kimoja chenye milia, nilichokuwa nimekitenga kwenye ndoo na hakukiona, nimekificha chini ya kitanda.